Zima jiko! Usitoe methanoli kabla ya glisaroli

Zima hilo jiko kwanza, boss, mengine baadaye. Umeandika kwamba unatengeneza dizeli kwa mafuta ya kupikia yaliyotumika, na kwamba mmenyuko ukiisha utalipasha pipa zima moto methanoli (ile spiriti ya viwandani) itoke uitumie tena, halafu ndio uache glisaroli, ile nyeusi nzito inayobaki, itulie chini. Ukifanya hivyo, dizeli yako itaanza kurudi ilikotoka, kwenye karai la chipsi. Pipa langu la lita 100 lilirudi.

Mmenyuko huu una mishale miwili. Mafuta na methanoli huwa dizeli na glisaroli. Dizeli na glisaroli nazo hurudi nyuma. Kostiki soda ni kichocheo tu, huharakisha pande zote mbili, haina habari wewe unataka upi. Kinachosukuma mbele ni methanoli ya ziada. Lita 100 za mafuta hula methanoli kama lita 12.5, tunatia 20 ili msawazo, yaani mizani ya mishale hiyo miwili, uegemee kwetu. Sasa wewe unaichomoa hiyo ziada huku glisaroli na kostiki bado zimo, tena unaongeza moto. Umebakisha nini cha kuzuia isirudi? Maombi?

Na hutajua mapema. Hairudi mara moja kuwa mafuta kamili, inakuwa digliseridi na monogliseridi, yaani mafuta nusunusu yaliyo katikati ya dizeli na mafuta kamili. Ukipima kwa mililita 3 za dizeli ndani ya 27 za methanoli, kipimo hicho hunasa zaidi mafuta ambayo hayajamenyuka kabisa, yanayotua chini. Monogliseridi huyeyuka na kukuponyoka. Utashangilia bure. Tikisa nusu kwa nusu na maji kwenye chupa: ikiachana safi ndani ya nusu saa, sawa. Ikiganda kama mayonezi, pole. Monogliseridi hizo ndizo zitakazoziba filta asubuhi ya baridi ya Julai.

Waliotupotosha ni hawa wauza mitambo wa "pasha tu, inajitoa yenyewe". Inajitoa kweli, na pesa zako pia. Wanakariri nyuzi 65, kiwango cha usawa wa bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu, methanoli huchemka karibu na 60. Menyusha kwa 55, pipa likiwa limefungwa, usipite hapo.

Kinachouma zaidi ni kwamba methanoli unayoililia haimo sana kwenye dizeli. Sehemu kubwa ya iliyobaki imejificha kwenye glisaroli! Kwa hiyo acha pipa litulie usiku kucha, fungua koki ya chini, toa ile nyeusi nzito mpaka rangi ibadilike. Hiyo peke yake ndiyo upashe, kwenye chombo kilichofungwa chenye kipozeo, kwa umeme. Humo hakuna dizeli tena, hakuna cha kurudi nyuma. Usitumie makaa: moto wa methanoli mchana hauonekani vizuri, utashtukia nyusi hazipo.

Dizeli iliyobaki juu bado ina kostiki kidogo. Iue kwanza: nyunyiza maji ya uvuguvugu yenye asidi ya sitriki kidogo, bila kukoroga safari ya kwanza, la sivyo utapata uji. Asidi ikizidi, sabuni iliyotokana na kostiki inageuka asidi ya mafuta, na hilo ni balaa jingine. Endelea kuosha mpaka maji yatoke safi.

Kama una haraka ya kusukuma msawazo, gawa methanoli na kostiki: tia asilimia 80, menyusha, toa glisaroli, kisha tia 20 iliyobaki. Glisaroli ikiondoka, mshale wa kurudi unakosa chakula. Hiyo ndiyo njia ya kubana matumizi, si kuchemsha pipa zima.

Na kama tayari umeshalichemsha, usimwage. Likaushe maji yote, lihesabu kama mafuta mapya, tia methanoli kama asilimia 10 na kostiki kidogo, anza tena.

Uliuliza pia utumie pampu gani, na kama jenereta itaikubali dizeli hii, eh? Pampu iwe na sili zisizo za mpira wa kawaida, dizeli hii huuvimbisha. Ya jenereta tutaongea. Jiko umezima?