Simba haji akiitwa: ni ukaidi au ni masikio?

SWALI: Daktari, hujambo? Nina mbwa wa miaka minane, chotara wa German Shepherd, anaitwa Simba. Siku hizi nikimwita haji, nikipiga mluzi hageuki. Mume wangu anasema ni ukaidi na ameshamchapa kwa hilo. Lakini geti likibamizwa anaruka na kubweka kama zamani. Juzi mtoto alimgusa akiwa amelala, akashtuka na kutaka kumng'ata. Pia anajikuna sana sikio la kushoto. Je, amekuwa kiziwi? Nitajuaje? Na mbwa wa umri huu bado anafunzika? – Mama wa wawili, Kahawa West.

JIBU: Mama, kwanza fimbo iwekwe chini. Mbwa asiyesikia akichapwa kwa kutokuja, anachojifunza ni kwamba mwenye nyumba akisogea kuna kipigo, na mbwa mwenye hofu hiyo ni hatari kuliko kiziwi.

Kisha mtoto. Kama jino lilikwaruza ngozi, hata kidogo, paoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende hospitali leo hata kama ni siku ya pili au ya tatu. Mtafute pia kadi ya chanjo ya Simba. Mbwa akibadilika tabia, mimi huuliza habari ya kichaa cha mbwa kabla sijagusa sikio.

Sasa, hilo geti halithibitishi kwamba anasikia. Chuma kikibamizwa sakafu hutikisika, naye hupata habari kwa miguu. Tena usikivu ukipungua kwa uzee, mara nyingi sauti nyembamba hutangulia kupotea, kwa hiyo mluzi unaweza kwenda na mngurumo wa lori ukabaki.

Mpime hivi. Ngoja asinzie au awe anatazama kwingine, usimame nyuma yake hatua kadhaa, mahali upepo haupelekei harufu yako kwake. Usikanyage kwa kishindo, wala usipige makofi karibu naye, maana ataihisi hewa. Tikisa funguo. Baadaye kidogo, piga mluzi. Baadaye tena, gonga sufuria kwa kijiko ukiwa nyuma ya ukuta. Tazama masikio yake, usitazame miguu: mbwa mvivu anayesikia hatainuka, lakini sikio litacheza. Usirudie sauti moja mara nyingi, ataizoea na kuipuuza. Akishtuka lakini akageukia upande usio, huenda sikio moja tu ndilo limekufa, kwa kuwa kujua sauti inatoka wapi kunataka masikio yote mawili. Kipimo cha uhakika ni cha mashine inayosoma umeme wa neva za kusikia, kila sikio peke yake, lakini kliniki ya kawaida ya mtaani haina, na kwa mafunzo huhitaji kuingoja.

Kujikuna ndiko kunakonipa matumaini. Njia ya sikio la mbwa hushuka kisha hukunja kona kuingia ndani, kwa hiyo uchafu, ukungu na usaha hukaa chini usipopaona. Sikio lililoziba hivyo likitibiwa, usikivu unaweza kurudi. Seli za ndani zilizokufa kwa uzee hazioti tena. Mpeleke kwa daktari wa mifugo mwenye kifaa cha kuchungulia ndani. Ukikosa karibu, kuna kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Usimsafishe kabla ya kwenda, tunataka kuuona uchafu wenyewe. Na tafadhali, usinunue matone ya kubahatisha agroveti. Kama ngoma ya sikio, ile ngozi nyembamba ya ndani, imetoboka, dawa kama jentamaisini inaweza kumaliza usikivu uliobaki. Mafuta ya kupikia na spiriti navyo viacheni jikoni na kabatini.

Kufunzika, anafunzika sana. Mbwa huusoma mwili wa mtu siku zote, sisi ndio tunaopenda kupiga kelele. Kata maini yaliyochemshwa vipande vidogo kama punje ya mahindi. Kila Simba akikutazama kwa hiari yake, inua dole gumba na umpe kipande papo hapo. Hilo dole ndilo litakalokuwa "vizuri" yake. Akishazoea kukutafuta kwa macho, anza ishara: mkono mmoja mpana kutoka ubavuni hadi kifuani ni "njoo", kiganja kinachopanda ni "kaa". Nyumba nzima itumie ishara zilezile, pamoja na msaidizi wenu. Endeleeni kusema maneno pia, uso hufuata mdomo. Usiku, washa na kuzima taa ya nje mara mbili kumwita. Mwanga wa leza usimchezee, mbwa wengine huishia kuufukuza bila kukoma. Kola ya kutetemeka inafaa kama ishara ya "nitazame", ile ya kupiga shoti sikubali.

Kumwamsha ndilo somo la kila siku. Weka kiganja karibu na pua yake, harufu imwamshe, kisha gusa bega polepole, daima palepale, na kipande cha maini kifuate kabla hajawaza lolote. Anzeni akiwa macho. Watoto wasimwamshe kabisa, na malazi yake yahame kutoka njiani hadi kona ambayo hakuna anayemruka.

Lililobaki ni gari. Mbwa wengi hupenda kulala kivulini chini ya gari, na Simba huenda asisikie injini ikiwashwa. Anayeendesha ainame atazame kabla ya kurudi nyuma, kila mara. Nje ya geti asitoke bila kamba, bodaboda haina muda wa kumsubiri, na kwenye kola muandike nambari yenu ya simu na neno HASIKII.