Uwanja wa gofu umefungwa, sasa wanataka kujenga: nawajibu

Tangu niguse habari ya viwanja vya gofu vya mitaani kule Marekani, vile vyenye nyumba pembeni ambavyo vikifungwa mwenye ardhi anataka pajengwe, meseji hazikatiki, na nyingi zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti. Nimechagua tano.

Nilinunua nyumba inayotazama uwanja, nikaambiwa hapa hapatajengwa milele. Wanaweza kujenga kweli?

Aliyekwambia nani, na aliandika wapi? Maana "milele" ya dalali inaishia siku anapolipwa kamisheni yake. Kutazama nyasi za mtu miaka 15 hakukupi haki juu ya hizo nyasi, pole lakini ndo hivyo. Nenda ofisi ya kaunti inayotunza hati ukaombe hati ya uwanja wenyewe, sio ya nyumba yako tu, halafu usome kurasa zile ndogondogo za nyuma ambazo hakuna anayesoma. Unatafuta sharti linalosema ardhi ibaki ya gofu au ibaki wazi, na angalia lina mwisho au halina, mengine yanakufa yenyewe baada ya miaka kadhaa. Angalia na ramani ya matumizi ya ardhi, kama inataka kibali cha kubadilisha matumizi hapo una mlango wa kuingilia, kama tayari inaruhusu nyumba basi kazi unayo.

Kuna mahali wakazi walishinda, au tunajichosha bure?

Wapo, jiji la Denver. Uwanja wa Park Hill una ekari 155, gofu iliisha 2018, mwaka uliofuata kampuni ya ujenzi ikaununua kwa dola milioni 24. Sasa kumbe tangu 1997 jiji lilikuwa limelipa dola milioni 2 ardhi ile isijengwe, kwa hiyo kulikuwa na karatasi. Wakazi wakaishikilia hiyohiyo, 2021 wakapitisha kwa kura kwamba zuio lisiondolewe bila wananchi wa jiji zima kuulizwa, na 2023 wananchi walipoulizwa karibu 6 kati ya 10 wakasema hapana. Januari 2025 jiji likatangaza litabadilishana ardhi na kampuni ili pale pawe bustani ya umma. Ukihesabu, mabango yalisaidia ndio, ila bila ile karatasi ya 1997 sijui wangeshika nini.

Si wafungue tu tena gofu?

Nani atalipa? Kumwagilia nyasi za uwanja mzima wenye vishimo 18, mashine za kukata nyasi, mishahara, na wachezaji wenyewe ndo hao waliopungua. Marekani kuanzia 2006 ilipita miaka mingi mfululizo viwanja vinavyofungwa ni vingi kuliko vinavyofunguliwa. Na vingi vilijengwa ili nyumba za pembeni ziuzike, zikishauzika zote mwenye uwanja anabaki na nyasi na bili.

Tuna sahihi 900. Mkutano wa halmashauri ni wiki mbili zijazo, tuseme nini?

Msiseme "tunapenda utulivu". Mara nyingi mtu anapewa dakika tatu pale mbele, na watu arobaini wakipanda mmojammoja kusema kitu kilekile wajumbe wanaanza kuchungulia simu, nimeona kwa macho yangu. Gawaneni. Mmoja aongelee foleni za magari. Mwingine udongo, maana viwanja vya zamani vilipuliziwa dawa zenye aseniki na hata zebaki, kwa hiyo dai vipimo kabla tinga halijagusa kitu. Mtu wenu anayeongea vizuri kuliko wote mpeni hoja ya maji ya mvua. Uwanja wa gofu mara nyingi ndo beseni la mtaa, maji yanakimbilia kule badala ya sebuleni kwako. Clear Lake pale Houston mamlaka ya maji ilinunua uwanja uliokufa ikaugeuza mabwawa ya kuzuia mafuriko, na kimbunga Harvey kilipokuja 2017 bwawa la kwanza hata halijaisha kujengwa, bado liliokoa nyumba za jirani. Hiyo mjumbe ataacha simu asikilize.

Watu wanatuita wabinafsi, eti tunazuia nyumba wakati wengine hawana pa kuishi. Tuwajibuje?

Hili ndo gumu, na wana hoja. Kama mnapinga hata nyumba kumi, wanaowaita hivyo wapo sahihi kabisa. Kaeni kwanza wenyewe kwa wenyewe mjue mnachotaka, ni bustani au ni nyumba chache na sehemu ibaki wazi, na kama ni bustani nani ananunua, maana si haki mwenye ardhi alipe kodi ili tu awatunzie nyie mandhari. Mtaa ukienda na "hapana" peke yake unaacha mwekezaji awe mtu pekee mwenye mchoro mezani. Nyie pelekeni mchoro wenu, hata wa penseli, na picha za maji yaliyotuama mvua ikinyesha, zenye tarehe. Picha zipigieni barabarani lakini, msiruke uzio, bado ni mali ya mtu.