Maswali ya Wasomaji: Altaneta mpya, waya unaungua

SWALI: Nina Toyota Noah ya abiria, Kibaigwa hadi Dodoma mjini. Nilifunga altaneta (mashine inayochaji betri) ya mtumba. Baada ya wiki chache taa ya betri ikaanza kuwaka hafifu usiku, na mpira wa waya mnene unaoingia kwenye altaneta ukayeyuka pale kwenye nati. Fundi anasema altaneta imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli? (Msomaji, Kibaigwa)

JIBU: Ndugu yetu, usinunue bado. Waya ukiungua mwishoni tu huku kwingine ni mzima, shuku kiungo kwanza. Ampia 80 zikipita kwenye temino (kichwa cha chuma mwishoni mwa waya) iliyolegea yenye ukinzani wa omu 0.01 tu, volti 0.8 zinapotea hapo hapo na wati 64 zinageuka joto. Hizo zinazidi balbu ya taa kubwa ya wati 55, tena zimekusanyika kwenye nati moja. Hata altaneta mpya kabisa ukiifunga kwenye temino hiyo, waya utaungua tena.

Pima. Injini iungurume kwa mizunguko 2,000 hivi, taa kubwa na feni ya AC zikiwaka. Weka mita kwenye volti za DC: ncha moja juu ya bolti ya B+ ya altaneta (pale waya mnene unapofungwa), nyingine kwenye nguzo ya chanya ya betri yenyewe, si kwenye temino iliyoivaa. Angalia mikono isikaribie mkanda. Chini ya 0.2 ni salama, ikifika 0.5 kuna kiungo kibovu njiani, na fyuzi kuu ya kufungwa kwa bolti nayo ikaguliwe. Kisha pima kati ya bodi ya altaneta na nguzo ya hasi. Mtumba uliopigwa rangi husumbua sana hapa, kwa sababu athi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri) hupitia kwenye breketi na rangi haipitishi umeme. Ikwangue.

Kabla ya kufungua chochote, zima gari na utoe hasi ya betri, irudishe mwisho. B+ ina umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Kata waya mpaka ukute shaba inayong'aa. Nyuzi zikiwa nyeusi au za kijani, endelea kukata. Ukiwa mfupi, badilisha waya wote kwa unene uleule au zaidi. Nunua temino ya shaba inayolingana na waya, na tundu linalolingana na bolti: tundu la milimita 8 kwenye bolti ya 6 linapunguza eneo la kugusana. Bana kwa koleo la temino, si kwa nyundo, kisha vuta kwa nguvu zako. Ikichomoka, afadhali ichomokee mkononi.

Temino ikae moja kwa moja juu ya kitako cha bolti, washa (kiringi cha chuma) juu yake, nati mwisho. Washa ikiwekwa chini ya temino, umeme unalazimika kupita kwenye chuma chembamba. Nati ya M6 kwenye Toyota nyingi hukazwa Nm 9.8 tu, yaani spana fupi namba 10 bila kuning'inia. Ukizidisha, bolti inazunguka na kung'oa muunganisho wa dayodi (vipande vinavyogeuza umeme wa altaneta kuwa DC) ndani. Rudisha kofia ya mpira, na fungia waya karibu na altaneta, maana mtikisiko wa barabara za vumbi hulegeza kisichoshikwa.

Plagi ndogo ya altaneta nayo, ukiichomeka, lazima ilie "tak". Pini ya S ndani yake ndiyo inayoiambia regyuleta (kidhibiti cha kuchaji) volti za betri. Kishikizo kikivunjika, badilisha soketi.

SWALI: Fundi hupima altaneta kwa kuchomoa temino ya betri gari likiunguruma. Ni sawa? (Msomaji, Manyoni)

JIBU: Hapana, na tunakuomba umzuie. Betri ikitoka ghafla volti zinaruka juu na kuua dayodi, regyuleta, hata kompyuta ya gari. Mita kwenye nguzo za betri inatosha: kwa magari mengi, volti 13.8 hadi 14.5 injini ikiunguruma, altaneta inachaji.