Kufeli usaili wa ubaoni si kutojua kazi

Ndugu, umeuliza kama kukwama kuandika msimbo (maagizo ya programu ya kompyuta) ubaoni mbele ya wasaili kunaonyesha hufai kuwa msanidi programu. Hapana kabisa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na Microsoft waliwapima wanafunzi 48: baadhi walitatua swali huku wakitazamwa na kujieleza kwa sauti, wengine peke yao chumbani. Kwa waliotazamwa, ufanisi ulishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake (walikuwa wachache, lakini inauma) walifeli wote walipotazamwa. Wanawake waliokuwa peke yao walifaulu wote. Hapo imepimwa hofu. Kazini unasoma msimbo wa wenzako, unasaka hitilafu, unafungua nyaraka. Ukiitwa tena kwingine, omba upewe zoezi la kufanyia nyumbani.