Dawa moja, bei mbili

SWALI: Shikamoo Mama Mfamasia. Nimenunua dawa ya presha, kisha duka la pili nikakuta boksi jingine kwa robo ya bei. Muuzaji akasema hataza imeisha. Hataza ni nini, na sisi wagonjwa inatufaa nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hataza ni haki ya mvumbuzi kuitengeneza na kuiuza dawa peke yake, kwa kawaida miaka 20 tangu aiombe. Faida yake naikubali: utafiti ni ghali, na dawa moja iliyofaulu hulipia nyingi zilizokwama njiani. Tena mvumbuzi hulazimika kueleza hadharani uvumbuzi wake, ndiyo maana baadaye viwanda vingine huweza kuitengeneza.

Lakini mwaka 2000 nilikuwa dirisha la dawa. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilifika dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mama mmoja nilimrudishia cheti chake bila dawa. Uso wake ninao mpaka leo. Februari 2001, kampuni ya dawa ya Cipla ya India ikatangaza dawa tatu kwa pamoja kwa dola 350 kwa mwaka. Iliwezekana kwa sababu sheria ya India wakati ule haikutoa hataza kwa dawa yenyewe, ila kwa njia ya kuitengeneza tu. Elfu kumi, kisha mia tatu na hamsini! Waliokufa wakisubiri hapo katikati niliwajua.

Kwenye maboksi yako, linganisha jina la dawa yenyewe, si lile la kibiashara, na miligramu. Vikifanana, na imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, chukua ya bei nafuu.