Maswali ya Wasomaji: Najdorf na askari wa a6

SWALI: Barazani kwetu kuna kijana ambaye kila akicheza sataranji kwa kete nyeusi husogeza askari wa pembeni hadi mraba wa a6. Tukimuuliza, anajibu "Najdorf" tu. Ni nani huyo, na askari yule ana kazi gani pale?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Miguel Najdorf alizaliwa mwaka 1910 karibu na Warsaw, Poland, kwa jina la Mieczysław. Mwaka 1939 alikuwa Buenos Aires akiichezea Poland katika Olimpiadi ya sataranji, na mashindano yakiwa bado yanaendelea, Ujerumani ikaivamia nchi yake. Hakurudi. Alikuwa Myahudi, na katika mauaji ya Wayahudi mkewe, mtoto wake, wazazi na ndugu zake wanne wakauawa. Mwaka 1944 akapata uraia wa Argentina. Riziki yake ilikuwa kuuza bima, na ubingwa wa nchi akautwaa mara 8.

Mwaka 1943, Rosario, alicheza na watu 40 kwa pamoja bila kutazama ubao wowote, akitumaini habari itafika Poland na jamaa aliye hai ajue yuko wapi. Mwaka 1947, São Paulo, wakawa 45: alishinda 39, sare 4, akafungwa 2, kwa muda unaokaribia saa 24. Anayehesabu kichwani kete zake za bao zitaishia shimo lipi ataonja kidogo ugumu huo.

Mwendo wa kufungua mchezo uliopewa jina lake, ambao wengine waliucheza kabla yake, ni huu (herufi na namba hutaja mraba, nyeupe huanza, kisha kwa zamu): e4, c5, Farasi f3, d6, d4, c5 anakula d4, Farasi anakula d4, Farasi f6, Farasi c3, a6. Askari wa a6 anaifunga b5, farasi na askofu wa nyeupe wasiingie hapo. Ukiwa na nyeusi ukaharakisha e5 kabla yake, askofu mweupe anatua b5 na kukupa kishi, yaani anamtisha mfalme wako. Ukimziba kwa askofu wako d7, wanabadilishana, kisha farasi mweupe anakaa f5 na huna tena askofu wa kumwondoa.

SWALI: Mimi huanza na a6, kisha e5, na bado napigwa. Nakosea wapi?
Msomaji, Mjini, Unguja

JIBU: Tazama kwanza nyeupe alichocheza baada ya a6. Kama askofu wake amekwenda g5, e5 ni kosa: atamla farasi wako wa f6, malkia wako amle yeye, kisha farasi mweupe aruke d5 akimtisha malkia. Ukirudi d8, farasi wa pili anaingia f5, na kwa maoni yetu mchezo huo umeshaharibika. Dhidi ya askofu wa g5 cheza e6. Askofu huyo akienda e2, hapo e5 ni halali yako. Farasi wa d4 lazima ahame, kwa kawaida b3, nawe upeleke askofu e7 umfiche mfalme upande mfupi, yaani aende g8 na ngome iruke hadi f8.