Jibu: Koti la mkulima wa Aran linaonekana la dukani

Habari dada. Umesema koti lako la mkulima wa Visiwa vya Aran, Ireland, kwa maigizo ya miaka ya 1930, linaonekana kama suti ya dukani. Angalia rangi kwanza. Báinín, kitambaa cha koti hilo, ilikuwa sufu isiyotiwa rangi, nyeupe ya maziwa, iliyosokotwa nyumbani na wanawake, kisha ikafumwa na fundi wa hapo hapo. Nyeupe kali ya kiwandani itakuumbua jukwaani. Mimi hutumia blanketi kuukuu la sufu: nalifua kwa maji moto lisinyae na kushikamana, ndipo nakata. Kola toa kabisa! Kiunoni funga crios, mshipi wa sufu wa rangi rangi. Kuufuma mwenyewe sijajaribu. Viatu ni ngozi mbichi ya ng'ombe, manyoya nje, bila kisigino.